Ni Ndiyo au Hapana: Maisha ya Profesa Yeom Gil-seop wa Neutigol

Ndugu, majirani, wanafunzi wa marehemu na wageni wetu kutoka serikalini, asanteni kwa kufika. Karatasi mliyoishika ina kurasa mbili za wasifu. Mimi nitasoma tatu, kwa sababu ya tatu imeandikwa leo asubuhi, karatasi ikiwa imeshatoka kwa mpiga chapa. Ninayesoma ni Yeom Mal-suk, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba ile. Najua mnajiuliza kwa nini jeneza bado liko juu ya machela na shimo limefunikwa turubai. Nitafika huko. Waliosimama upande wa mfereji nawaomba wasogee juu kidogo.

Profesa Yeom Gil-seop alizaliwa tarehe 11 Machi 1951 hapa Neutigol, wilaya ya Cheongam, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yeom Pan-dol na Mama Gi Sam-rye. Vita vilikuwa havijaisha. Baba hakwenda kumwandikisha mpaka mwaka uliofuata, kama walivyofanya wazazi wengi wakati ule: ulisubiri kwanza uone kama mtoto ana nia ya kukaa. Hivyo kwenye karatasi za serikali marehemu alipungukiwa mwaka mzima. Alizoea kusema kwamba serikali ilianza kumchelewesha kabla hajajua kutembea, na kwamba aliamua kuisomea ili ajue inachelewa wapi.

Alikuwa na miaka sita wakati watu wa kijiji walipojenga tuta la bwawa la Neutijae, hilo mnaloliona juu ya vichwa vyenu. Walibeba udongo mgongoni, wanaume kwa wanawake, wakalipwa unga wa ngano wa msaada. Dada yetu mkubwa, Geum-rye, alibeba pia. Mama alitupikia tambi kwa unga ule, na marehemu alikiri hadi uzeeni kwamba hajapata kula tambi tamu kama zile. Tuta likasimama, bwawa likajaa, mpunga ukastawi. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyelitazama tena, kwa kuwa kitu kinachomnywesha mtu huwa hakitazamwi.

Masika ya mwaka 1963 baba, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, aliona chini ya tuta pamelowa, panatoka jasho kama mtungi wa kachumbari ya kimchi. Alivaa koti lake jeupe na kofia ya heshima akaenda mjini, ofisi ya wilaya. Alirudi jioni akiwa na samaki mkavu mkononi na uso wa harusi. Mazungumzo ya mlo ule nayakumbuka, maana marehemu aliyasimulia katika kila darasa alilofundisha, na mimi nilikuwepo.

"Wamesemaje?" mama aliuliza.

"Wamesema wataliangalia. Afisa mwenyewe ameinuka kwenye kiti kunisindikiza mpaka mlangoni."

Gil-seop, mdomo umejaa wali wa shayiri, akadakia, "Baba, hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

"Kula."

"Lakini ni ipi?"

"Nimesema kula. Mtoto gani huyu, anahoji serikali na wali mdomoni."

Julai ya mwaka uleule mvua ilinyesha siku tatu na tuta likakatika alasiri. Geum-rye alikuwa ameshuka kumfungua ng'ombe. Ng'ombe alionekana siku ya pili, mzima, amesimama katika shamba la mtu huko mbali, anatafuna. Geum-rye alichelewa kuonekana. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwezi wa tisa afisa wa wilaya alikuja, akapanda juu, akatazama palipokuwa na bwawa. Alikuwa mtu wa ahadi: alisema wataliangalia, na akaliangalia. Mwaka 1965 tuta lilijengwa upya, juu ya msingi uleule, kwa udongo uleule ulioporomoka, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Baba hakupanda tena kule juu mpaka alipofariki.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Neutigol, shule ya kati mjini Cheongam na sekondari ya juu Jeonju, akila na kulala kwa mjomba aliyemhesabia hata mishumaa. Mwaka 1970 aliingia Chuo Kikuu cha Hanmyeong, Seoul, kusomea utawala wa serikali. Mama alitaka awe daktari. "Nitakuwa daktari wa ofisi, mama," alimjibu. Mama akasema ofisi haziugui. Alitumikia jeshi kuanzia 1973 hadi 1975, akapata shahada ya uzamili mwaka 1978, na baadaye alisoma miaka mitano Marekani, alikorudi mwaka 1985 akiwa na udaktari na vidonda vya tumbo.

Katikati ya masomo hayo alifunga ndoa. Tarehe 6 Oktoba 1979 alimwoa Bi. Pyo Yeong-rye, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa fundi saa wa Iksan. Ndoa hii ilikaribia kutokuwepo. Marehemu alikwenda kuposa akiwa na suti ya kuazima na sanduku la mapeasi. Baba wa binti alimsikiliza mpaka mwisho, akasafisha miwani yake, akasema, "Tutaliangalia." Mtaalamu wetu aliinama, akashukuru, akavaa viatu na kwenda moja kwa moja stesheni kurudi Seoul, moyo umevunjika. Yeong-rye alimkuta kwenye benchi, tiketi mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Baba yako amekataa."

"Amekataa lini? Amesema ataliangalia!"

"Ndiyo. Nimesikia."

"Mpumbavu wewe. Baba yangu anatengeneza saa. Akisema ataliangalia, anaangalia. Sasa hivi amekwenda sokoni kununua kuku."

Marehemu alisema hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake neno lile lilimaanisha ndiyo, na kwamba kwa ajili ya kuku yule alikubali kuishi akijua hawezi kuwa na hakika kamili na nadharia yake. Waliishi pamoja miaka arobaini na minne. Shemeji yangu ndiye yule pale, mwenye fimbo ya mwanzi. Hataki kiti, msimpe.

Alifundisha sera za umma na utawala wa nchi yetu katika chuo kilekile cha Hanmyeong kuanzia Machi 1986 hadi Agosti 2017. Mwaka ule aliopunguziwa na baba ulimpa mwaka mmoja zaidi wa kazi, na alisema ndio mkopo pekee ambao serikali ilimrudishia. Aliandika vitabu sita. Nimejaribu kuvisoma vyote, viwili nimevimaliza. Wenzake waliandika juu ya katiba, uchaguzi na marais. Yeye aliandika juu ya vikao. Alitaka kujua jambo linakufia wapi kati ya mlango wa ofisi na meza ya mkubwa, na alidai kwamba kaburi la jambo huwa katika sentensi ya adabu.

Siku ya kwanza ya kila muhula aliandika ubaoni neno moja, "Tutaliangalia," akawataka wanafunzi walitafsiri kwa lugha ya kawaida. Wengi walisema ni hapana. Wengine walisema ni subiri. Mwaka 1994 kijana mmoja mwembamba wa kutoka wilaya hii hii, Ok Chang-bae, aliinua mkono akasema, "Profesa, maana yake ni: usirudi." Marehemu alicheka mpaka akakaa. Alimpa alama ya juu kuliko wote mwaka ule, akamsaidia mtihani wa utumishi wa serikali, akasimama shahidi kwenye harusi yake. Chang-bae leo ni naibu mkuu wa wilaya ya Cheongam. Yupo hapa. Suruali yake imelowa mpaka magotini, na sababu yake nitaisema.

Somo lake la pili lilihusu nyundo. Mmeshakaa katika vikao, mnajua. Mwenyekiti anauliza kama kuna pingamizi, wajumbe wanasema hakuna, nyundo inagongwa mara tatu, watu wanakwenda kula. Marehemu alikusanya mihtasari ya vikao kutoka kila mkoa, maboksi kwa maboksi, akagundua kwamba hakuna jambo gumu katika nchi yetu lililopita bila maneno hayo. Maghala yaliyoungua, madaraja yaliyoanguka, yote yalipita hakuna pingamizi. "Wajumbe hawakuwa wabaya," alifundisha. "Walikuwa na njaa na adabu, na mtu aliye mbele yao alikuwa mkubwa wao kwa umri." Wanafunzi walicheka. Nafikiri yeye hakuwa anatania.

Alipostaafu, wilaya yetu ilimwalika katika kamati ya ushauri ya usalama wa maji. Heshima kwa mtoto wa nyumbani, walisema. Alikuja na basi kutoka Seoul, alilala kwangu, asubuhi akapanda kule juu kabla ya chai. Alirudi viatu vimelowa. Hakusema kitu, alikula uji tu. Nilimjua. Gil-seop akinyamaza juu ya uji, ujue kuna jambo.

Kikao cha kamati kilikuwa siku hiyohiyo, tarehe 22 Oktoba 2020. Jambo la nne katika ajenda lilikuwa ukaguzi wa matuta ya zamani, na taarifa ilisema yote yako katika hali nzuri. Chang-bae, wakati huo mkuu wa idara ya usalama, ndiye aliyeisoma. Mwenyekiti wa kamati akainua nyundo.

"Je, kuna pingamizi?"

"Hakuna," walisema wajumbe.

"Lipo," alisema marehemu.

Walioshuhudia wanasema nyundo ilibaki hewani. Mwenyekiti alikuwa hajawahi kusikia neno lile na hakujua afanye nini na mkono wake.

"Profesa, pengine tulizungumze tukiwa mezani. Mchuzi wa samaki wa matope umeshaagizwa. Utapoa."

"Upoe. Tuta la Neutijae linavuja chini, upande wa mashariki. Nimelikanyaga asubuhi."

"Basi tutaliangalia."

"Bwana mwenyekiti, hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Wajumbe walitazama meza. Chang-bae alitazama karatasi zake. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba maoni ya mtaalamu yatawekwa kwenye muhtasari, akagonga mara tatu. Katika muhtasari ule, chini kabisa, penye "mengineyo", waliandika kwamba mjumbe mmoja alishauri umakini zaidi. Marehemu hakula mchuzi. Mwaka uliofuata hakualikwa. Baada ya hapo alipiga simu, alienda ofisini, alirudi tena. Kila mara alipewa chai na mtu wa kumsindikiza mpaka mlangoni.

Januari 2023 alianza kusikia maumivu tumboni. Alidhani ni vile vidonda vya zamani. Mwezi wa nne daktari mmoja wa Seoul alimwonyesha picha za kongosho, akaeleza, akaeleza tena. Marehemu aliuliza, "Daktari, nitapona? Ni ndiyo au hapana?" Kijana wa watu akashusha macho, akasema, "Baada ya dawa za awamu ya kwanza, tutaliangalia." Shemeji anasema marehemu alicheka kwa sauti mpaka nesi akaja mbio. Kisha akamshika daktari mkono akamwambia, "Usijali, mwanangu. Nimekusikia vizuri sana."

Septemba mwaka huo walihamia kwangu hapa Neutigol, chumba cha nyuma, dirisha linalotazama juu. Alilichagua dirisha mwenyewe. Kila asubuhi alitembea mpaka chini ya tuta, mwanzoni peke yake, baadaye tukimshika huku na huku. Mwezi wa kwanza mwaka huu, kijiji kizima kikiwa na rangi ya majani makavu, sehemu moja ya tuta ilikuwa kijani kibichi. Theluji ilipoanguka ilikaa kila mahali isipokuwa pale. Alinionyesha kwa fimbo maji yanapopita. Nilianza kuogopa siku ile na sijaacha. Nyumba yangu iko hapo chini, mnaliona paa lake la bluu. Mwezi wa tano wakulima waliziba lango la bwawa ili wapate maji ya kupandikiza mpunga, bwawa likajaa hadi ukingoni kama kila mwaka, na ile sehemu ya kijani ikawa pana.

Kabla ya hapo, mwezi wa nne mwaka huu, siku ya kusafisha makaburi, familia yote ilikuwepo: mkewe, mwanawe Tae-o, binti yake Sol, na mimi. Tulikuwa tumetoka kilimani, kwa wazazi na Geum-rye. Marehemu alisimama hapa hapa tulipo, akagonga ardhi kwa fimbo.

"Mtanizika hapa."

Tae-o alidhani baba amechanganyikiwa kwa dawa. "Baba, hapa ni majimaji. Nani anamzika mzazi wake majini? Watu watatusema."

"Waseme. Nimefundisha watu kusema miaka thelathini na mmoja, hawakusema. Labda kwa hili watasema."

"Lakini kwa nini?"

Alikaa juu ya jiwe akapumua kwanza. Kisha akaeleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza darasani. "Mtu hai akilalamika anapewa chai. Kaburi halinywi chai. Mkinizika mahali pasiporuhusiwa, wilaya italazimika kunitoa, na haiwezi kumtoa maiti bila kuandika sababu na kuweka muhuri. Hapa sababu ni moja tu. Wataandika kwamba tuta ni hatari, au wataniacha."

"Na wakikuacha?" niliuliza.

"Basi nitakuwa nimelala na watu wangu. Maji yakija, nitakuwa wa kwanza kuyapokea. Geum-rye hakuwa na mtu wa kumpokea."

Hapo Sol alianza kulia. Shemeji Yeong-rye alimtazama mumewe. "Umekuwa mpumbavu tangu stesheni," alisema. Kisha akasema, "Nitakuvalisha soksi za sufu." Hivyo ndivyo alivyokubali, na amemvalisha.

Profesa Yeom Gil-seop alifariki Jumanne tarehe 18 Juni 2024, asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, mkewe akimpaka maji midomoni. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa ni kuniuliza kama bwawa limejaa. Nilimwambia limejaa. Ningeweza kumdanganya, lakini mtu aliyepigana na maneno laini maisha yake yote sikutaka afe na moja masikioni.

Hapo ndipo kurasa zilizochapwa zinapoishia, pamoja na orodha ya jamaa. Sasa ukurasa wa tatu.

Leo asubuhi wachimba kaburi walianza kazi baada ya kumwaga kikombe cha pombe ya mchele kama ilivyo desturi. Shimo lilipofika magotini, maji yalianza kuingia. Hayakutoka juu, maana mvua haijanyesha. Yalitoka upande wa tuta, baridi, yakibeba mchanga. Walichota kwa ndoo, yakarudi. Mzee anayewaongoza aliweka koleo chini akasema amechimba makaburi ya nusu ya wilaya na hili hatalishukia. Tae-o alipiga magoti ukingoni. "Shangazi, siwezi," aliniambia. "Nitamwekaje baba mle? Nitalalaje?" Nilikuwa nimemwahidi kaka, na nilikuwa natazama maji, na nilitaka kukimbia.

Ndipo gari la wilaya lilipofika na shada la maua meupe. Chang-bae alishuka, akainama mara mbili mbele ya jeneza, akalia. Alilia kweli, sitamwonea. Alipoinuka aliona shimo.

"Mama, hapa haparuhusiwi kuzika," aliniambia chinichini.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sheria ya makaburi."

"Inasemaje? Kaka alisema wewe utajua. Alikupa alama ya juu."

"Pako karibu na nyumba za watu."

"Tukizibomoa nyumba, tutazika?"

Alirekebisha tai yake.

"Basi sababu si nyumba. Ni nini?"

Alitazama juu, akatazama viatu vyake. "Mama, leo ni siku ya msiba. Tumzike profesa kwa heshima mahali pengine, na hili jambo, nakuahidi mimi mwenyewe, tutali..."

Hakumaliza. Shemeji Yeong-rye alikuwa amesogea. Yeye hapazi sauti, nyote mnamjua. Alisema, "Chang-bae. Ni ndiyo au ni hapana?"

Tulisikia mchanga ukidondoka shimoni. Chang-bae alivua viatu. Sijui kwa nini alivivua. Pengine mwili ulijua kabla yake. Aliingia katika shimo la mwalimu wake, akasimama kwenye maji, akaweka kiganja ukutani pale yanapotokea. Nilimwona akiwa yule kijana mwembamba wa zamani.

"Tuta linavuja," alisema. "Likikatika, maji yatapita hapa kwanza."

"Walio nyuma hawajasikia," nilimwambia.

Akasema tena, kwa sauti. Walio nyuma walisikia. Mama mmoja alimshika mjukuu wake akampandisha barabarani.

Alitoka shimoni akapiga simu kwa mkubwa wake, na sisi tulisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, bwana. Najua, bwana. Hapana, bwana, siwezi kusubiri Jumatatu. Wameshanisikia." Kisha akaandika amri juu ya boneti ya gari, akaweka muhuri. Inasema maiti ya Yeom Gil-seop isizikwe mahali hapa na ihamishwe leo, kwa kuwa ni eneo la hatari ya kukatika kwa tuta la Neutijae. Nimeisoma kwenye kipaza sauti cha kijiji, mara mbili. Miaka sitini na mmoja tangu baba avae koti lake jeupe, serikali imejibu ombi la nyumba yetu.

Nilimuuliza Chang-bae, na sisi? Na yale mapaa pale chini? Akasema amri ya kuhamisha watu hai ni barua nyingine, ya idara nyingine, yenye saini tatu. Akaanza, "Tutaliang..." akajiziba mdomo kwa mkono. Akasema, "Ninakwenda kuitafuta. Nitaanza na kufungua lango la bwawa, maji yapungue." Nimemwambia akazike kwanza, kisha aende. Amekataa. Anasubiri nimalize kusoma aondoke. Kwa hiyo nimalize.

Redio ya asubuhi ilisema mvua kubwa za majira zimeshafika Jeju na zitakuwa juu yetu Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Tutambeba marehemu sasa hivi mpaka kilimani, akazikwe kando ya baba, mama na Geum-rye, penye udongo mwekundu na mkavu. Vijana, machela yapandishwe kwa njia ya juu, si ya mfereji. Chakula kitakuwa huko huko; mchuzi wa nyama umeshapandishwa, na pilipili ni yangu.

Profesa Yeom Gil-seop ameacha mjane, Bi. Pyo Yeong-rye, mwana, Yeom Tae-o, na mkewe, binti, Yeom Sol wa Busan, wajukuu wawili, dada mmoja, mimi, na wanafunzi katika ofisi za nchi nzima, ambao leo wengi wao wamesimama hapa na tai nyeusi. Ameacha pia kaya zote za Neutigol. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuhamishwa kwa amri ya serikali kutoka chini ya tuta hili.

Kaka, pumzika kwa amani, pakavu. Sisi tukishakuzika tutashuka nyumbani.